Mnaoanza Kuandikia Watoto, Kaeni Kwanza na Roald Dahl

Kila anayekuja kwetu Mtwara kutaka kujifunza kuandika hadithi za watoto huja na hadithi moja mkononi, na mara nyingi ni ileile. Kuna mtoto mtiifu na kuna mtoto mtukutu. Mtukutu anaanguka mtini au anakamatwa na fisi, mtiifu anapewa zawadi na mkuu wa shule mbele ya wazazi. Huwa naisoma yote mpaka mwisho, kisha nampa mgeni kazi ambayo hakuitegemea: aende akasome maisha ya Roald Dahl, Mwingereza aliyeandika vitabu vya watoto, arudi anieleze mtu huyo alifanyaje kazi. Sifa zake sizihitaji, zimeandikwa kila mahali. Nayaandika haya kwa ajili yenu wapya, wa Shangani, wa Tandahimba, na ninyi wenzetu wa Lindi mnaovuka kuja huku, ili tusianze kila mara kwa maelezo yaleyale.

Najua swali linalofuata. Kwa nini Mzungu, na bibi zetu wapo wanaoweza kusimulia hadithi hadi majogoo? Kwanza, huyu alikuwa jirani. Kabla hajawa mwandishi alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya mafuta ya Shell pale Dar es Salaam, na Kiswahili alijifunza. Pili, zana zake na karatasi zake zimehifadhiwa, kwa hiyo unaweza kuona alivyofuta na alivyorudia, jambo ambalo waandishi wengi huenda nalo kaburini. Tatu, ana makosa yanayotugusa sisi moja kwa moja. Mwanafunzi hujifunza haraka kwa fundi anayeweza kugombana naye.

Maisha yenyewe nayapitia upesi, mengine mtayasoma. Alizaliwa tarehe 13 Septemba 1916 huko Llandaff, Cardiff, nchini Wales, kwa wazazi waliotoka Norwei. Mwaka 1920, akiwa na miaka mitatu, dada yake Astri alikufa kwa ugonjwa wa kidole tumbo akiwa na miaka saba, na wiki chache baadaye baba naye akafa. Mama akalea peke yake. Mtoto alipelekwa shule za bweni za Kiingereza, ambako fimbo ilikuwa sehemu ya ratiba. Mwaka 1934 akaingia Shell, na 1938 akapanda meli kuja Mombasa na kisha Dar es Salaam. Vita vilipoanza 1939 alikwenda Nairobi kujiunga na jeshi la anga la Uingereza. Septemba 1940 ndege yake ilianguka katika jangwa la magharibi mwa Misri, akaungua na kuvunjika, akapona, akarudi kupigana Ugiriki. Mwaka 1942 alitumwa ubalozini Washington, na huko ndiko uandishi ulikomkuta. Kwa miaka mingi aliandikia watu wazima. Vitabu vya watoto vilivyompa jina vilikuja baadaye: James and the Giant Peach mwaka 1961, Charlie and the Chocolate Factory 1964, The BFG 1982, The Witches 1983, Matilda 1988. Alifariki tarehe 23 Novemba 1990.

Angalieni hiyo miaka. Matilda, kitabu ambacho wengi wanakiona ndicho bora, kilitoka akiwa amepita miaka sabini. Ninyi mnaoniambia mmechelewa kwa sababu mna miaka thelathini na mna watoto wawili, tafadhali.

Sasa kazi. Jambo ninalowasisitizia zaidi ya yote ni barua. Tangu mwaka 1925 alipopelekwa bweni akiwa na miaka tisa, alimwandikia mama yake kila wiki. Pale shuleni mwalimu mkuu alikuwa akizunguka nyuma ya migongo yao akisoma wanachoandika, kwa hiyo mtoto hakuweza kulalamika waziwazi. Ilimbidi atafute namna nyingine ya kusema. Aliendelea kuandika kutoka Dar es Salaam, kutoka vitani, kutoka Marekani, karibu hadi mama alipofariki mwaka 1967. Ndipo ikajulikana kwamba mama alikuwa amezitunza, zaidi ya barua 600, bila kumwambia mwanawe.

Hebu fikirini mazoezi hayo yalivyokuwa. Kila wiki, msomaji mmoja tu, anayempenda na asiyemwona, na lazima amfanye acheke au astaajabu. Hakuna semina inayofundisha hivyo. Ndiyo maana kila anayeingia kwenye kundi letu huanza kwa kuchagua mtoto mmoja wa kweli, mpwa aliyeko Nanyumbu au binti wa dada aliyehamia Ruangwa, na kumwandikia ukurasa mmoja kwa wiki. Karatasi na kalamu. Wengine hujaribu kunishawishi kwamba ujumbe wa sauti wa WhatsApp ni kitu kilekile. Ujumbe wa sauti una raha yake, ila hauna mahali pa kufuta neno na kuandika jingine juu yake, na uandishi wote uko pale kwenye kufuta. Halafu, mtoto akipata barua ya karatasi ataisoma mara nyingi, ataionyesha wenzake, na atakuuliza maswali yatakayokuonyesha palipolegea.

Ukiandika kwa mtoto mmoja utaona kitu kingine kinatokea. Lugha ya risala inakufa yenyewe. Huwezi kumwandikia mpwa wako "watoto ni taifa la kesho". Utamwandikia kwamba mbuzi wa jirani ameingia msikitini.

Jambo la pili ni daftari la mawazo. Dahl alikuwa akiandika vijiwazo vyake katika daftari la shule, mstari mmoja, miwili, na vingine vilikaa humo miaka mingi. Lile jitu jema linalopuliza ndoto madirishani lilipita kwanza kama hadithi anayosimuliwa mtoto kabla ya kulala, ndani ya kitabu chake cha 1975, Danny the Champion of the World, kabla ya kupewa kitabu chake lenyewe, The BFG, mwaka 1982. Na yeye mwenyewe amesimulia kwamba safari moja wazo lilimjia akiwa anaendesha gari, hana kalamu. Alisimama, akashuka, akaandika kwa kidole neno moja tu kwenye vumbi nyuma ya gari: lifti. Neno hilo lilitosha kumrudishia wazo zima, na likawa hadithi ya watu wazima.

Sisi kwa vumbi hatujambo. Aliyewahi kupanda gari kutoka Masasi kwenda Nachingwea wakati wa kiangazi anajua kuna nafasi ya kuandika riwaya nzima kwenye kioo cha nyuma. Msiniambie basi kwamba wazo lilikuja mkiwa shambani mnaokota korosho likapotea. Daftari dogo mfukoni, au simu, au kidole.

Halafu kuna kurudia, na hapa ndipo wengi wanapotuaga. Katika simulizi yake ya jinsi alivyokuwa mwandishi, iliyotoka mwaka 1977, alisema kwamba anapokaribia mwisho wa hadithi, sehemu ya mwanzo huwa ameshaisoma na kuirekebisha si chini ya mara 150. Humohumo aliorodhesha sifa anazopaswa kuwa nazo mwandishi wa kubuni, na ninapenda kwamba nyingi zinahusu tabia kuliko kipaji: ustahimilivu, kutoridhika na kilicho nusu nusu, nidhamu ya kukaa kazini wakati hakuna bosi anayekungoja, na unyenyekevu. Ucheshi aliutaja pia, na kwa anayeandikia watoto aliuona ni wa lazima.

Matilda wa rasimu za mwanzo hakuwa yule msichana msomaji mnayemjua. Alikuwa mtoto muovu. Mwandishi alifika mbali naye kabla ya kukubali kwamba kitabu hakisimami, akaanza upya, na mtoto akageuka akawa mwema na watu wazima wakawa ndio wabaya. Mzee wa miaka sabini, vitabu vyake vinasomwa dunia nzima, anatupa rasimu. Nikimwambia kijana wa hapa Chikongola arudie sura ya kwanza mara ya nne, ananiangalia kana kwamba nimemwomba figo.

Kuhusu mahali pa kuandikia: mtasoma juu ya kibanda chake cha matofali kwenye bustani ya nyumba yake huko Great Missenden, kiti cha zamani alichokikata mgongoni ili uti wake ulioumia vitani usiume, ubao wa kuandikia juu ya mapaja, miguu ndani ya mfuko wa kulalia kwa sababu ya baridi, penseli sita zilizochongwa, karatasi za njano. Kwenye meza ya pembeni alikuwa na mfupa wa nyonga yake mwenyewe uliotolewa kwa upasuaji, na mpira mzito aliouunda kwa karatasi za kung'aa zilizofungia chokoleti alizokuwa akila alipokuwa kijana wa ofisini London. Wapya hupenda sana habari hizi. Hutoka hapo wakisema wakipata chumba chao wataandika. Mimi nawaelekeza kwenye saa. Alikuwa akiingia kama saa nne asubuhi akatoka saa sita, akaingia tena kama saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, siku hadi siku. Mama mmoja katika kundi letu huandika kwenye ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, msimu ukiisha, maana hapo hakuna mtu. Mwingine huandika maktaba ya mkoa. Baridi ya kuhitaji mfuko wa kulalia hatuna.

Chokoleti ile haikuanzia mezani. Alipokuwa mwanafunzi wa shule ya bweni ya Repton, kampuni ya Cadbury ilikuwa ikiwapelekea wanafunzi maboksi ya chokoleti mpya wazionje na watoe maoni. Kijana akawa anajiwazia chumba cha siri ambamo watu wazima wamevaa makoti meupe wanabuni pipi. Ilimkaa kichwani miaka thelathini hivi kabla ya kutoka kama kitabu. Kwa hiyo ninyi msiandike juu ya chokoleti. Ulimi wa mtoto wa Mtwara unakumbuka vingine: ashkrimu ya ukwaju inayotoboka kwenye pembe ya mfuko, ming'oko ya moto sokoni, harufu ya korosho zinazochomwa uani na moshi wake unaowasha macho, mabibo yanayochuruzika mpaka kwenye kiwiko na kuacha doa ambalo mama hatalisahau. Nikisoma hadithi yenu nataka nitamani kula kitu kabla ya ukurasa wa tatu.

Sasa nifike kwenye hadithi ile ya mtoto mtiifu, kwa sababu ndiyo ugomvi wangu mkubwa na wageni wote. Dahl alikaa upande wa mtoto. Hakukaa katikati. Viboko alivyovipata shuleni hakuvisahau, na vitabu vyake vimejaa watu wazima wanaoadhibiwa na hadithi: mashangazi wawili wakatili wa James wanapondwa na lile tunda kubwa, mwalimu mkuu Trunchbull wa Matilda anayemrusha msichana kwa kumshika mikia ya nywele anakimbizwa na chaki inayojiandika yenyewe ubaoni. Nimewahi kuwasimulia sehemu hiyo watoto na walimu wao wakiwa chumba kimoja. Watoto walijishika mbavu. Walimu walitazama dirishani.

Mtaniambia huo ni utovu wa adabu wa Kizungu. Nawaomba mrudi kwa bibi zenu. Sungura wa hadithi zetu ni nani? Ni mdogo, hana nguvu, ni muongo kiasi, na kila siku anamshinda Fisi na Simba. Bibi akishasema hadithi njoo, uongo njoo, hakuna mtoto mtiifu anayepewa zawadi na mkuu wa shule. Huyo aliletwa na kitabu cha darasani, kwa sababu kitabu cha darasani kimeandikwa na mtu mzima kwa ajili ya mtu mzima atakayekinunua. Kwa mtazamo wangu Dahl yuko karibu zaidi na bibi wa Kitangari kuliko waandishi wetu wengi wa leo. Hadithi zenu zikiwa na mkubwa anayeonea, msiogope kumwonyesha. Mtoto anajua wapo. Anachotaka kujua ni kama na wewe unajua.

Hapo nimemsifu vya kutosha. Sasa upande wa pili.

Katika Charlie and the Chocolate Factory ya mwaka 1964, wale vibarua wadogo wa kiwandani, Oompa-Loompa, walikuwa Waafrika. Mbilikimo weusi kutoka ndani kabisa ya msitu wa Afrika, ambako ati Mzungu hajawahi kufika, waliosafirishwa kwenye masanduku yenye matundu ya kupitisha hewa na kulipwa kwa mbegu za kakao. Lawama zilipozidi, hasa Marekani, alibadilisha: toleo la 1973 likawapa ngozi nyeupe na nywele za rangi ya dhahabu. Masanduku hayakuondoka wala malipo ya kakao.

Niliwasimulia watoto wa darasa la tano huko Tandahimba sehemu hii kama ilivyokuwa mwanzo, nikitaka kusikia tu watasema nini. Rangi haikuwashughulisha kama nilivyodhani. Mtoto mmoja wa kike aliuliza, "Walilipwa kakao, siyo hela?" Nikamjibu ndiyo. Akasema, "Basi walipigwa kangomba." Kwa msiotoka huku, kangomba ni ule ununuzi wa korosho wa kichochoroni: mwenye shida anapunjwa bei kabla ya msimu, nje ya mnada na nje ya stakabadhi ghalani. Mtoto wa mkulima wa korosho aliona mara moja kitu ambacho wahariri walipaka rangi tu juu yake. Mzee Wonka, mwenye kiwanda, pamoja na kofia yake na uchangamfu wake wote, hakuwa mlipaji.

Mjane wa mwandishi, Felicity, alisema mwaka 2017 kwamba Charlie mwenyewe, katika rasimu ya awali, alikuwa mtoto mweusi, na Donald Sturrock, aliyeandika maisha yake, akaongeza kwamba wakala ndiye aliyemshauri abadilishe. Huwa nawaachia wapya jambo hilo wajadiliane, na mara nyingi majadiliano hufika hadi magharibi. Mwandishi yuleyule, kitabu kilekile: shujaa mweusi anafutwa, vibarua weusi wanabaki. Maamuzi ya namna hiyo hufanywa mezani kwa maneno laini, na wewe utaletewa ya kwako siku moja. Mtu atakuambia mhusika wako asitoke Newala, atoke "mjini", ili kitabu kiuzike.

Someni pia Going Solo ya mwaka 1986, kitabu chake cha ujana, chenye sura za Tanganyika. Kuna nyoka, kuna simba anayembeba mke wa mpishi mdomoni, kuna kijana aliyekuwa akimtumikia nyumbani, Mdisho, ambaye siku vita vinatangazwa anachukua upanga na kwenda kumuua Mjerumani mwenye shamba la mkonge. Kuna vile vilevile sehemu anapotumwa na askari kuziba barabara ya kusini ili Wajerumani wasitorokee Mozambique ya Wareno. Msomaji wa Lindi anaijua barabara ya kusini inaelekea kwa nani. Lakini kusini yenyewe haimo. Kuna barabara, msitu, askari na bunduki. Anayeishi mwisho wa barabara hiyo haonekani. Mdisho tunamwona akileta chai, akifurahi, akiua. Hatumwoni akiwaza jambo ambalo halimhusu bwana wake. Nimewapa wapya zoezi la kuandika siku ileile kwa macho ya Mdisho, na kurasa bora nilizowahi kusomewa katika kundi hili zimetoka hapo.

Na mjue kwamba alikuwa mtia chumvi mkubwa. Makala yake ya kwanza kulipwa, iliyochapishwa Marekani mwaka 1942, ilitoka na kichwa cha habari kinachodai alitunguliwa Libya. Hakutunguliwa. Alikuwa amepewa maelekezo mabaya ya kiwanja, giza likaingia, mafuta yakaelekea kwisha, akajaribu kutua jangwani akajibamiza. Mwanzoni mwa kitabu chake cha utotoni, Boy, cha mwaka 1984, anaonya wazi kwamba hayo si maisha yake kamili yaliyoandikwa kwa mpangilio. Haya ni halali kwa mwandishi anayejisimulia mwenyewe, nadhani. Ila ukianza kuandika juu ya mtu mwingine aliyeishi kweli, chumvi hiyo iache jikoni.

Nasema hivi kwa sababu najua mnakotaka kwenda. Kila kundi jipya lina mtu wa Lindi anayetaka kuandika juu ya Tendaguru, na ana haki. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale kilimani mifupa ya madinosaria, na watu wa huku ndio walioshika sululu, wakaibeba kichwani mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Mmoja wa madinosaria hao amesimamishwa Berlin, kimo chake kinazidi mita 13. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, mtu wa kweli, jina lake liko katika kumbukumbu. Mwaka 2019 wanasayansi walimpa dinosaria mwingine wa Tendaguru jina la Wamweracaudia, kwa heshima ya Wamwera. Kuna riwaya ya watoto pale, kubwa, inayongoja. Mtoto anayemfuata baba yake mbebaji, mfupa wa shingo unaomzidi kimo, swali la kila usiku: mnyama huyu alikula nini, na Mzungu anampeleka wapi? Mtoto huyo mbuni, mpe ulimi mchafu na miguu yenye mbio, mtie chumvi mpaka ikolee. Boheti muache kama alivyo, na asichosema kwenye kumbukumbu usimsemeshe maneno makubwa.

Kupima kama hadithi inasimama, isomeni kwa sauti mbele ya watoto wasio wenu. James ilianza kama hadithi ya kuwalaza binti zake Olivia na Tessa. Kwa jitu la ndoto alikwenda mbali zaidi: wanawe wameeleza jinsi alivyopenyeza fimbo ya mwanzi dirishani usiku, kana kwamba jitu limefika kuwapulizia ndoto. Chini ya mkorosho saa kumi jioni mtapata wasikilizaji wasio na huruma. Msitazame nani anacheka. Tazameni ni katika sentensi gani yule wa nyuma anaanza kuchora chini kwa kijiti.

Olivia ana habari yake, na siwezi kuiruka. Novemba 1962, akiwa na miaka saba, alipata surua, ikapanda kwenye ubongo, akafa. Chanjo haikuwa imefika kwao. Mwaka 1986 baba yake aliandika waraka mfupi kuwasihi wazazi wa Uingereza wawachanje watoto, na anaeleza humo alivyokaa kitandani akimfundisha mtoto kutengeneza vinyama kwa visafishio vya kiko, akaona vidole vyake havitii tena. Hakuna kivumishi cha huzuni pale. Vidole tu. Wauguzi wa kliniki waliopita kwenye kundi letu wamewahi kuusimulia kwa Kiswahili kwa kina mama wanaosita, na wanasema unafanya kazi kuliko bango. Miaka miwili kabla ya kifo cha Olivia, kichanga chake Theo aligongwa na teksi New York, maji yakawa yanajaa kichwani na kimrija cha kuyatoa kinaziba kila mara; Dahl, pamoja na fundi wa mitambo Stanley Wade na daktari Kenneth Till, wakabuni vali bora zaidi, iliyokuja kutumika kwa watoto karibu 3,000. Mtu aliyejaza vitabu vyake ukatili wa kuchekesha alikuwa pia huyu. Na alikuwa pia yule aliyetoa matamshi ya chuki dhidi ya Wayahudi mwaka 1983, ambayo familia yake iliyaombea radhi mwaka 2020. Wapya huniuliza tumweke fungu gani. Mimi simweki fungu lolote, namsoma.

Mambo ya mwisho ni ya biashara, na nitayasema harakaharaka. Michoro: tangu 1978 vitabu vyake vingi vilichorwa na Quentin Blake, na leo huwezi kuwatenganisha. Tafuteni mchoraji mapema, mkubaliane malipo kwa maandishi, na mwacheni achore alichoelewa yeye. Kitabu chao hicho cha kwanza pamoja kilihusu mamba wa mto mkubwa wenye matope barani Afrika. Sisi wenye Ruvuma tungeweza kumwambia mawili matatu kuhusu mamba.

Mikataba: mwaka 2021 Netflix ilinunua kampuni inayomiliki kazi zake, na mwaka 2023 ikajulikana kwamba mchapishaji amebadilisha maneno mengi katika matoleo mapya. Kwa mfano, katika The Twits lugha ya Kiafrika ya nyani iliyokuwa ikiitwa ya ajabu ikabaki kuwa ya Kiafrika tu. Kelele zilikuwa kubwa hadi mchapishaji akaahidi kuyaendeleza na matoleo ya zamani. Mimi neno hilo silililii. Ila mwandishi hakuwapo kuulizwa, na ninyi mpo. Kabla hujasaini chochote, soma kifungu kinachosema nani ana haki ya kubadilisha maandishi, nani ana haki ya tafsiri, na nani ana haki ya filamu. Andika tarehe kwenye kila rasimu na uitunze. COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, wapo kwa ajili ya kusajili kazi. Ukitaka kitabu kiingie shuleni, utahitaji ithibati ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na foleni yake inahitaji subira. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ina kipengele cha hadithi za watoto. Fuatilieni tangazo, na msipeleke rasimu ya kwanza.

Barua ya kwanza kwa mtoto uliyemchagua ilete Jumamosi. Ukurasa mmoja, mkono wako mwenyewe, na asiwemo mkuu wa shule.